Utando wa Mzee Mchomvu

Usiku wa kuamkia leo niliota nimefika kwa Mama Mchomvu kabla sijaondoka nyumbani.

Niseme kwanza nilikuwa nakwenda kufanya nini, maana ndoto yenyewe haikujisumbua kueleza. Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Same mjini, na leo Jumamosi nilikuwa na safari ya kupanda Mbaga, milimani, kutazama darubini iliyotumika. Mwenyewe, Mzee Eliezeri Mchomvu, alikuwa mpima mvua huko juu mpaka alipostaafu, na alifariki mwaka jana. Mjane wake anaiuza. Tangazo lilikuja kwenye kundi letu la simu la walimu: Nakundwa Mchomvu, mjane, Mbaga, anauza darubini ya marehemu mume wake, kioo kinang'aa sana.

Maneno ya mwisho ndiyo yaliyoninyima raha. Darubini ya aina hii ina kioo cha duara chini kabisa ya bomba lake, na kioo hicho si ndugu wa kile cha kujitazamia. Cha kujitazamia kimepakwa mgongoni, hivyo ukikisugua unasugua kioo tu. Cha darubini kimepakwa usoni. Ni utando wa alumini, mwembamba kuliko utando wa maziwa yaliyopoa, na juu yake hakuna kinga ya maana. Vumbi halikidhuru. Kinachokimaliza ni usafi, na mimi ni Mpare, nawajua mama zangu. Mama wa Kipare akisikia mgeni anakuja kutazama kitu, hakilali na vumbi.

Kwa hiyo nililala nikijikumbusha masharti ya ukaguzi. Vumbi liache lilivyo. Usiguse kwa kidole. Usifute kwa kitambaa. Mulika tochi kwa nyuma uone mwanga unapenya wapi. Ukishaona, mwambie mwenye mali ukweli. Nililala na hayo kichwani, na yote yakanifuata ndotoni bila kualikwa.

Mlango ulifunguliwa na miguu mitatu. Nasema ile miguu ya mbao ya kusimamishia darubini. Ilikuwa imevaa soksi za sufu, maana Mbaga kuna baridi.

"Nani?" iliuliza.

"Mwalimu Kiondo, kutoka Same."

"Umekuja kununua au kutoa pole?"

"Kununua."

"Pole ulishatoa?"

"Marehemu sikumfahamu."

"Hilo sikukuuliza."

Nikatoa pole. Miguu mitatu ikaipokea kwa niaba ya ukoo, ikapiga magoti yake yote, ikanipisha.

Sebuleni Mama Mchomvu amekaa kwenye kigoda. Kioo cha darubini amekipakata mapajani, uso juu. Pembeni yake kuna kisahani cha bati chenye majivu yaliyochekechwa na gazeti kuukuu lililoloweshwa maji. Anachovya gazeti kwenye majivu, anasugua kwa mduara, anapuliza pumzi juu ya kioo, anasugua tena. Hivyo ndivyo mama zetu walivyosafisha kioo cha taa ya chemli enzi hizo umeme haujapanda mlimani, na chemli iling'aa kweli, sitawanyima sifa yao. Lakini mimi nilipoona lile gazeti, meno yaliniuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari."

"Sijasafiri, mama. Nimelala."

"Basi pole na kulala. Vuta kiti."

Nikavuta kiti. "Mama, samahani, nakuomba usikifute."

"Nakifuta ili umwone."

"Nimwone nani?"

Akakiinua kioo akanigeuzia. Ndani yake kulikuwa na mzee mwembamba wa sweta la kijivu na kofia ya pama, akitazama juu. Nikageuka nyuma kuangalia amesimama wapi. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta, na ukutani kalenda ya kanisa. Nikarudisha macho kwenye kioo. Mzee bado yumo.

"Kila jioni alikuwa anainamia humu," Mama Mchomvu alisema. "Nilipotoka makaburini nikamkuta bado yumo, ila amefunikwa na ukungu. Nikasema acha nimfute ukungu."

"Ukatoka?"

"Ulitoka siku ile. Kesho yake ukarudi, nikafuta. Sasa ni kila asubuhi, na jioni nikiwa na nguvu."

"Na yeye mwenyewe anaendeleaje?"

"Anapungua," alisema, akachovya gazeti. "Mtu asiyekula hawezi kunenepa."

Nikamtazama vizuri yule mzee. Begani sweta lilikuwa limekwisha, na bega nalo limekwisha. Sikio moja halikuwepo. Kofia ilikuwa imebaki ukingo tu. Hapo nikaelewa. Ukungu ule ulikuwa utando wenyewe unachakaa. Kila alipomfuta amwone vizuri, alimwondoa kidogo kwa gazeti. Yule mama alikuwa anammaliza mume wake kwa mikono yake mwenyewe, kwa mapenzi na kwa majivu, na kilichobaki hakikuwa kingi.

Nikafungua kinywa nimwambie. Sauti ikanitangulia kutoka chini ya kiti changu.

"Na sisi tusikilizwe."

Nikainama. Chini ya kiti palikuwa na matanga. Jamvi limetandikwa, na juu yake limekaa vumbi, punje moja moja, wanawake upande huu wanaume upande ule, nyuso zimeinama. Aliyesema alikuwa punje ya chavua ya kahawa, mama mtu mzima, amejifunga kanga kiunoni.

"Sisi ndio tulikuja siku ya maziko," alisema. "Tukamkalia usoni, hatukumdhuru. Tumekaa naye vizuri. Mke wake akatufukuza kwa gazeti kabla ya kuanua matanga. Wewe umewahi kuona msiba gani watu wanafukuzwa kwa gazeti?"

"Sijawahi," nilikiri.

"Wewe ni msomi. Vumbi linadhuru kioo?"

"Halidhuru."

"Liseme hilo kwa sauti, asikie."

Nikasimama nikasema kwa sauti ya darasani kwamba vumbi halidhuru kioo cha darubini, liachwe lilivyo. Mama Mchomvu hakuinua hata uso.

"Mwalimu," alisema, "usinitetee uchafu ndani ya nyumba yangu."

Vumbi likashusha pumzi. Mmoja wao akaanza kulia taratibu, na wenzake wakamwambia anyamaze, kuna mgeni.

"Mnunuzi apime," ilisema miguu mitatu kutoka mlangoni. "Jua linatembea."

Nikatia mkono mfukoni nitoe tochi yangu. Ilitoka yenyewe. Ilikuwa imevaa koti jeupe la daktari, na ilikuwa na haraka.

"Ndugu wa mgonjwa ni nani?" iliuliza.

Tayari tuko wodini. Kioo kimelazwa kwenye kitanda cha chuma, kimefunikwa shuka mpaka ukingoni. Mama Mchomvu amekaa kwenye benchi la ndugu akiwa na chupa ya chai na kikapu. Gazeti lake na kisahani cha majivu viko kikapuni, naviona. Vitanda vingine vyote vina vioo, vingine vimepasuka, vingine vimegeuzwa vinatazama ukuta. Hakuna anayepiga kelele. Harufu ni ile ya hospitali zote, dawa ya sakafu na uji.

"Mimi ndiye ndugu," Mama Mchomvu anasema. "Huyu ni mnunuzi."

"Fungeni madirisha," tochi inasema. "Mgonjwa ainuliwe kidogo."

Tunamwinua. Mimi nashika ukingo kwa ncha za vidole, bila kugusa uso wake, na kwa hilo angalau nilijisifu. Tochi inazunguka kitandani, inakaa nyuma ya kioo, inawaka.

Dari lote likajaa nyota.

Zilikuwa nyingi mno. Nilikuwa nimejiandaa kuona vijitundu vichache vya hapa na pale, ambavyo kioo cha zamani hakikosi, na mnunuzi mwenye utu havisemi. Hizi zilikuwa mbingu nzima. Kulikuwa na njia nyeupe ya vumbi la nyota kutoka dirishani mpaka mlangoni, ule mduara wa mkono wa Mama Mchomvu, mzunguko juu ya mzunguko.

"Jamani," Mama Mchomvu alisema. Alisimama, kanga ikamdondoka begani, hakuiokota. "Jamani, nyota. Miaka yote alikuwa ananiita njoo uone, mimi namjibu nina ugali jikoni."

Alicheka kidogo, peke yake, akizitazama. Sikuwa na mahali pa kuweka macho yangu.

Tochi ikaniita karibu, ikasema kwa sauti ya chini, ile madaktari wanayotumia wakitaka kuongea na ndugu wa kiume kwanza.

"Unaona tundu lile la juu ya mlango? Hapo palikuwa na jina la mama yake mzazi. Lile la pembeni ni njia ya kutoka nyumbani kwenda kwenye chombo cha kupimia mvua. Yale yaliyosongamana ni nyimbo za kanisani, zote. Lile linalomeremeta ni siku ya harusi yake. Mvua ilinyesha siku hiyo na hakwenda kuipima, siku pekee katika utumishi wake wote."

"Na lile kubwa, la katikati?"

"Hilo bado linafunguka. Sijajua ni la nini."

Nikaliangalia likifunguka. Lilikuwa halina haraka.

"Hakuna tiba?" niliuliza.

"Ipo. Anapelekwa mbali, anavuliwa utando wote uliobaki kwa dawa kali, anaoshwa, anapakwa mwingine mpya. Kioo kinapona kabisa. Utaona mpaka pete za Zohali."

"Na mzee?"

"Nimekwambia kioo," tochi ilisema. Ikajizima. "Mwambie mwenye mali. Hilo ni sharti lako, umelala nalo mwenyewe."

Ni kweli nililala nalo. Nikaenda kwenye benchi, nikachuchumaa mbele ya yule mama. Nimeshawaambia wazazi wengi habari mbaya za watoto wao, nina namna yangu. Namna hiyo haikuja.

"Mama," nilisema, "kioo kimechoka."

"Hata mimi nimechoka."

"Nasema utando wake umekwisha, mama. Unakwisha kwa kufutwa."

"Unakwisha kwa ukungu," alinisahihisha kwa upole. "Ndiyo maana nafuta."

Tochi, ambayo haikuwa na adabu ya kusubiri, ikamzunguka kwa nyuma ikamulika mgongo wake. Nilidhani nitaona kivuli chake ukutani. Mwanga ulipita wote. Ukutani kukabaki kivuli cha kilemba, peke yake, kimekaa hewani mahali pa kichwa.

"Na huyu amesuguliwa na nani?" tochi iliuliza.

Vumbi, lililokuwa limetufuata na jamvi lake mpaka chini ya kitanda, likaanza kulia tena, na safari hii hakuna aliyelinyamazisha.

Nilipoinua macho, wodi haikuwepo. Tuko shambani nyuma ya nyumba, kwenye mibuni, mchana wa mawingu. Kuna kaburi limechimbwa vizuri, kina cha goti, na kioo kimelazwa ndani yake, uso juu. Kichwani pa kaburi, mahali pa msalaba, kimesimikwa chombo cha kupimia mvua. Mama Mchomvu amepiga magoti ukingoni, gazeti mkononi. Mimi niko ng'ambo yake. Miguu mitatu imesimama nyuma yetu, imevua soksi.

"Anasema neno," alisema. "Tangu juzi midomo inatikisika. Namfuta nimsikie, simsikii. Daktari wako ameona mwenyewe nilivyokwisha. Wewe bado mzima, msikilize."

Hapo nikajua kwamba hakutaka kuniuzia darubini hata kidogo. Alikuwa anatafuta mtu mwenye masikio. Tangazo lote lile lilikuwa la kutafuta sikio moja tu lipande mlima.

Nikainama mpaka shavu likakaribia kioo. Nikabana pumzi, maana pumzi huleta ukungu, na ukungu ungeleta gazeti. Uso wa mzee ulikuwa umebaki macho, pua kidogo na mdomo. Sweta halikuwepo tena. Ndani ya macho yake niliona mawingu ya Mbaga yakipita.

"Kijana," alisema.

"Naam, mzee."

"Huyu mama anayenisugua kila siku ni nani?"

Nikakaa vile vile nilivyoinama. Majani ya mibuni yalikuwa yanadondosha maji.

"Anasemaje?" Mama Mchomvu aliuliza.

"Bado hajamaliza," nilisema.

"Ana mikono mizuri," mzee aliendelea. Sauti yake ilikuwa inapanda kadiri mdomo ulivyokuwa unapungua, jambo ambalo fizikia hailikubali. "Sina ugomvi naye. Lakini ananiumiza. Muulize katumwa na nani. Halafu, kijana, kama unamfahamu mke wangu, mwambie aje. Mwambie kuna mtu ananimaliza huku."

Vumbi lilisikia. Niliwaona wote kwenye jamvi wakiinamisha vichwa kwa pamoja. Yule mama wa chavua ya kahawa akajifunika uso kwa kanga.

"Naona kama nasikia kitu," Mama Mchomvu alisema. Uso wake ulianza kufunguka. Akajisogeza, akaweka mkono mmoja chini ndani ya kaburi, akainamisha sikio. "Mwalimu, nasikia. Nasikia sauti yake."

"Mwambie mke wangu," mzee anasema, kwa nguvu sasa, na anavuta hewa arudie. "Mwambie huyu mama mgeni..."

Kisahani cha majivu kiko karibu na goti langu. Nachovya kidole gumba. Nakiweka kwenye mdomo wa mzee, nasugua.

Nilijua ninachofanya. Sitasema ndoto ilinisukuma. Nilisugua kwa nguvu, kwa mduara, kama fundi, na utando ukatoka taratibu chini ya kidole, laini, hauna ubishi. Midomo ikaenda. Sauti ikaenda nayo. Macho yakabaki yananitazama, na sikuona hasira ndani yake. Nafikiri yalikuwa yananiuliza na mimi ni nani.

Mama Mchomvu alikuwa bado ameinamisha sikio.

"Amenyamaza," alisema.

"Ndiyo, mama."

Miguu mitatu ikakohoa nyuma yetu. "Mwalimu Kiondo amegusa kioo," ilisema. "Kwa masharti yetu, aliyegusa amenunua."

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha, mwanga wa Same umeshaingia chumbani na joto lake. Nilikaa kitandani kidogo, kisha nikaenda bombani kunawa uso, na pale ndipo nilipoona kidole gumba changu cha kulia. Kilikuwa cha kijivu mpaka kwenye kiungo, na kucha imejaa majivu. Mimi napikia gesi. Nikakisugua kwa sabuni. Majivu yakatoka, na chini yake ngozi ikabaki inang'aa, rangi ya sufuria mpya.

Simu ikaita. Namba ilikuwa ya Mama Mchomvu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu." Sauti ilikuwa ileile. "Umeondoka bila kuaga."

Nikafunga bomba nimsikie vizuri.

"Kioo nimekikuta kimesuguliwa pale mdomoni," alisema. "Nimeona ni kidole. Mimi huwa natumia gazeti."

"Mama, nisamehe."

"Sikukupigia kwa ajili ya hilo. Nilitaka kuuliza. Alisema neno?"

Nilikiangalia kidole changu. Ukweli nilikuwa nao mdomoni, wote, na niliumeza.

"Amekusalimia, mama."

"Alinitaja?"

"Ndiyo, mama."

"Alinitajaje?"

Nikatafuta haraka haraka. Jina lake nililijua kutoka kwenye lile tangazo tu.

"Alisema, nisalimie Nakundwa."

Upande wa pili nilisikia kuku, na mtu wa mbali akipasua kuni.

"Hajawahi kuniita hivyo," alisema. "Tangu anioe, hata siku moja. Mwanaume wa kwetu hamwiti mke wake jina, mwalimu. Wewe si wa huku?"

"Ni wa huku, mama."

"Haya," alisema. Nikamsikia akiweka kitu cha bati chini. "Njoo tu ukichukue. Leo sitakifuta."